Mtoto wa Irish Terrier na Karatasi ya HFH: Asiye na Kasoro, Mbebaji, au Mwenye Ugonjwa wa Nyayo?

Mtu anayetafuta mtoto wa mbwa wa aina ya Irish Terrier, au wa Kromfohrländer wa Ujerumani, hukutana mapema na karatasi ya maabara yenye herufi tatu, HFH, kifupi cha jina la Kiingereza la ugonjwa wa kurithi unaokakamaza nyayo za mbwa, na moja kati ya majibu matatu: mbwa hana jeni yenye kasoro, anayo nakala moja, au anazo nakala mbili. Wengi huisoma karatasi hiyo kama ripoti ya shule, wakidhani kwamba jibu la kwanza ni kufaulu, la pili ni nusu ya kufeli, na la tatu ni kufeli kabisa. Usomaji huo umewakosesha watu mbwa wazuri, na umewafanya baadhi ya wafugaji wawaondoe katika uzazi wanyama ambao ukoo wao ulikuwa ukiwahitaji. Makala haya yanayaweka majibu hayo matatu bega kwa bega, kwa anayetaka mbwa wa nyumbani tu na kwa anayekusudia kuzalisha, kisha yanalinganisha njia za kumtunza mbwa ambaye tayari anaugua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Aliyewahi kutembea peku siku nyingi kwenye udongo mkavu anayajua magaga: ngozi ya kisigino hunenepa, hukakamaa, kisha hupasuka mistari inayouma kila hatua. Nyayo za mbwa mwenye HFH hufanana sana na kisigino hicho, ila chanzo chake si kutembea wala ukavu wa hewa. Ngozi ya unyayo hutengeneza kwa wingi uliopita kiasi tabaka la keratini, yaani ile protini inayojenga kucha na pembe, na tabaka hilo hujilimbikiza badala ya kulika kidogo kidogo kama lilivyo la mbwa mwingine. Unyayo wote, katika miguu yote minne, huwa mgumu kama pembe. Pembeni huota vijiti vya ngozi kavu, na katikati hutokea nyufa ambazo bakteria huzigeuza vidonda. Mbwa huyo hachezi kama wenzake, huchagua majani na kukwepa kokoto, na siku nyufa zikiingia ndani hukataa kabisa kutoka. Wapo pia ambao manyoya yao huwa laini na yasiyong'aa ikilinganishwa na ndugu zao, ingawa hilo si jambo la kumpeleka mtu hospitali ya wanyama.

Wafugaji wa Irish Terrier wameujua ugonjwa huu kwa muda mrefu na wakauita ugonjwa wa sugu za miguu. Walichokosa ni sababu. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, lilionyesha kwamba Irish Terrier na Kromfohrländer wanaougua wana kasoro ile ile katika jeni iitwayo FAM83G, iliyomo katika kromosomu ya 5 ya mbwa. Ni kosa la herufi moja tu katika maandishi ya vinasaba, nalo husababisha asidi amino moja (tofali mojawapo la kujengea protini), arginini, ichukuliwe nafasi yake na nyingine, prolini, katika nafasi ya 52 ya protini. Protini hiyo maabara huiita PAWS1, jina ambalo kwa msemaji wa Kiingereza linasikika kana kwamba lilibuniwa kwa ajili ya miguu ya wanyama. Kumbe lilitokana na uhusiano wake na protini nyingine, SMAD1, na kufanana huko ni sadfa.

Kasoro hii ni fifi. Maana yake ni kwamba mbwa huugua pale tu anapoipokea kwa baba na kwa mama. Akiipokea kwa mzazi mmoja, nakala nzima aliyopewa na mzazi wa pili inatosha kuzifanyia nyayo kazi yake. Mbwa wa namna hiyo ndiye tunayemwita mbebaji.

Kusubiri nyayo zionekane, au kupima

Watoto wa mbwa kwa kawaida huondoka kwa mama yao wakiwa na umri wa wiki 8 hivi. Dalili za HFH hujitokeza kati ya wiki ya 18 na ya 24. Pengo hilo la wiki kumi au zaidi ndilo linaloamua mengi, kwa sababu mnunuzi anayemgeuza mtoto wa mbwa na kumkagua miguu siku ya kununua ataona nyayo laini na nyororo hata kama mtoto huyo ana nakala zote mbili za kasoro. Dalili zitakapotokea, mtoto atakuwa ameshapewa jina, ameshazoea mlango wa nyumba na sauti za wenyeji, na hakuna familia inayomrudisha kwa moyo mwepesi.

Njia ya kusubiri ina sifa moja, nayo ni kwamba haigharimu kitu. Inamfaa, kwa kiasi fulani, mfugaji anayebaki na watoto wake mpaka wafikishe miezi sita, lakini hata yeye itamwonyesha wagonjwa tu. Wabebaji hawaonekani kwa macho katika umri wowote. Kipimo cha vinasaba, kwa upande wake, huchukuliwa kwa kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu au kwa damu kidogo, kinaweza kufanyika mbwa akiwa bado mdogo, na jibu lake halibadiliki maisha yake yote.

Iko pia njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mnunuzi: kudai karatasi za wazazi kabla ya kumtazama mtoto. Wazazi wote wawili wakiwa hawana kasoro, watoto wote hawana, na kuwapima tena ni kupoteza fedha. Mzazi mmoja akiwa hana na wa pili akiwa mbebaji, hakuna mtoto atakayeugua, na kipimo cha mtoto kina maana tu kama anakusudiwa kuzaa. Ikiwa hali ya mzazi yeyote haijulikani, hapo mtoto apimwe. Njia hii ina mianya miwili. Jike aliyepandwa na madume wawili katika joto moja anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti kwa wakati mmoja, na karatasi ya dume mmoja haitawahusu wote. Tena sampuli iliyochukuliwa na mfugaji mwenyewe, bila shahidi, inaweza kuwa ya mbwa mwingine, iwe kwa makosa au kwa makusudi. Kwa hiyo karatasi yenye namba ya chipu ya mbwa, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi yake, na iliyotokana na sampuli iliyochukuliwa na daktari wa wanyama baada ya kuisoma chipu hiyo, ina uzito kuliko karatasi yenye jina tu.

Neno la tahadhari kuhusu mipaka ya kipimo. Kinaangalia kasoro ile moja ya FAM83G na si zaidi. Mbwa wa Ufaransa aitwaye Dogue de Bordeaux hupata ugonjwa wa nyayo unaofanana na huu, nao pia ni wa kurithi na ni fifi, lakini kasoro yake imo katika jeni nyingine, KRT16, inayohusika na keratini ya 16. Mwenye Dogue anayelipia kipimo cha FAM83G atapata jibu zuri lisilomhusu. Hali kadhalika, Irish Terrier aliyetangazwa kuwa safi kwa HFH anaweza bado kuwa na sistinuria, ile hali ya mkojo inayozalisha vijiwe, ambayo pia inajulikana katika ukoo wake. Neno "safi" kwenye karatasi linahusu ugonjwa uliotajwa kwenye karatasi hiyo peke yake.

Asiye na kasoro na mbebaji: wapi pana tofauti na wapi hapana

Kwa mtu anayetaka mbwa wa kukaa naye, kutembea naye jioni na kumlinda, tofauti kati ya hawa wawili haipo. Nyayo za mbebaji ni za kawaida tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Hana nusu ya ugonjwa, hana ugonjwa uliolala unaosubiri uzee, wala hamwambukizi mbwa mwingine. Nimeona jinsi neno lenyewe linavyoleta hofu, kwa kuwa katika mazungumzo ya afya mbebaji ni mtu aliyebeba vijidudu ambavyo vinaweza kumdhuru jirani. Mbebaji wa jeni fifi habebi kijidudu. Amebeba maandishi ambayo yatakuwa na maana siku atakapozaa, na kama hatazaa, hayatakuwa na maana yoyote. Mnunuzi wa namna hii achague kwa tabia: yupi anamkaribia mgeni, yupi hashtuki kwa kelele, yupi anatulia akishikwa miguu. Irish Terrier ni mbwa mwenye ari na ukaidi wake, na tabia ya mama aliye mbele yako itakuathiri kila siku kuliko herufi moja ya FAM83G ambayo haitaonekana kamwe.

Kwa mfugaji hesabu ni nyingine, na inafaa ifanywe polepole. Asiye na kasoro akipandishwa na mbebaji, kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa safi au kuwa mbebaji, na hakuna atakayeugua. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 25 ya kuugua, asilimia 50 ya kuwa mbebaji na asilimia 25 ya kuwa safi. Mgonjwa akipandishwa na aliye safi, watoto wote huwa wabebaji wenye nyayo nzima. Akipandishwa na mbebaji, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuugua. Kwa hiyo kosa linaloleta mateso kwa wanyama ni la wazazi wote wawili kuwa na kasoro, na kosa hilo huzuiwa kikamilifu kwa kuhakikisha kwamba angalau mzazi mmoja ni safi.

Asilimia 25 inayotajwa hapo huwadanganya watu kwa namna ambayo haionekani haraka. Wabebaji wawili wakizaa watoto sita, uwezekano wa wote sita kuwa wazima ni takriban asilimia 18. Wakizaa wanne, uwezekano huo unafika karibu asilimia 32. Mfugaji anayesema kwamba jike wake amekwisha kuzaa na hakuonekana mgonjwa hata mmoja huenda anasema kweli tupu, na bado jike huyo akawa mbebaji aliyepandishwa na mbebaji. Zaidi ya hayo, katika uzazi wa namna hiyo, kati ya watoto wanaoonekana wazima, wastani wa wawili kwa kila watatu ni wabebaji. Ndiyo maana ugonjwa ulizunguka katika koo hizi miaka mingi huku kila mtu akichagua wazazi wenye nyayo nzuri: walichagua kwa macho kitu ambacho macho hayakifikii.

Sasa lije swali ambalo wafugaji hubishana kwalo: je, mbebaji aondolewe katika uzazi? Jibu la haraka ni ndiyo, na nadhani jibu hilo ni baya, hasa kwa Kromfohrländer. Mbwa huyu ana historia fupi ambayo inaeleza tatizo zima. Karibu na Siegen, magharibi mwa Ujerumani, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, Ilse Schleifenbaum alimpata mbwa aliyefika na wanajeshi wa Marekani, akampa jina Peter. Peter akazaa na jike wa jirani wa aina ya fox terrier mwenye manyoya magumu, watoto wakatoka wenye sura na tabia zilizompendeza mwenye nyumba, na kutokana na chanzo hicho chembamba ukoo mzima ukajengwa hadi kutambuliwa rasmi mwaka 1955. Ukoo uliotokana na mababu wachache namna hiyo una jeni chache za kuchezea. Kila mbwa anayeondolewa huondoka na jeni zake zote elfu nyingi, si ile moja yenye kasoro, na wanaobaki huzidi kuwa ndugu wa karibu. Undugu huo unapozidi, kasoro fifi nyingine ambazo bado hazina kipimo hupata nafasi ya kukutana, na Kromfohrländer tayari anajulikana kuwa na kifafa na matatizo ya damu kuganda. Baadhi ya wafugaji wamefika hatua ya kuchanganya ukoo huu na mbwa wa shamba wa Denmark na Uswidi ili kuuongezea damu mpya.

Ukiyaweka hayo mezani, mbebaji mwenye tabia njema, moyo mzima na viungo vizuri ni mali, mradi apandishwe na aliye safi na watoto wake wapimwe. Mtoto safi wa uzazi huo anachukua mazuri ya mbebaji na kuiacha kasoro, na katika vizazi vichache kasoro hupungua bila ukoo kupoteza mbwa wake wazuri. Kumwacha mbebaji kwa ajili ya karatasi, na badala yake kumchagua safi mwenye hasira au mwenye nyonga mbovu, ni biashara ya kubadilisha ng'ombe kwa kamba yake. Kwa Irish Terrier, ambaye chanzo chake ni kipana zaidi kuliko cha Kromfohrländer, mfugaji ana nafasi kubwa kidogo ya kuchagua, lakini kanuni ni ile ile.

Mgonjwa naye? Asizalishwe, isipokuwa kwa sababu nzito sana na kwa mwenza aliye safi. Binafsi sioni sababu hiyo ikitokea mara nyingi, kwa kuwa ndugu zake wabebaji wana karibu kila alichonacho.

Kabla ya kusema ni ugonjwa wa kurithi

Watu hupokea mbwa mkubwa aliyeokolewa, au huona nyayo za mbwa wao zimekakamaa, wakatafuta mtandaoni na kusoma habari za HFH, kisha wakaamini wamepata jibu. Kama mbwa si Irish Terrier wala Kromfohrländer, yamkini hawajalipata. Katika Afrika Mashariki, ambako koo hizo mbili ni adimu na mbwa wengi ni wa kienyeji au mchanganyiko, nyayo zinazokakamaa zinatakiwa kumfikirisha mtu kwanza juu ya chanjo na chakula.

Distempa ndiyo ya kwanza. Virusi vyake huweza kuzifanya nyayo na pua kuwa ngumu kavu, lakini mbwa huyo kwa kawaida amekuwa na homa, makamasi na tongo, kikohozi au kuhara, na baadaye hutikisika misuli au hupata degedege. Mbwa mwenye HFH ni mzima kila mahali isipokuwa miguuni. Hiyo ni tofauti ambayo mwenye mbwa anaweza kuiona mwenyewe bila maabara. Distempa haina dawa ya kuua virusi, ina chanjo, na ubaya wake hauishii kwa mbwa: mwaka 1994 virusi hivyo viliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa miongoni mwa vyanzo vyake.

Upungufu wa zinki una sura mbili. Ya kwanza huwapata mbwa wa kaskazini kama Siberian Husky na Alaskan Malamute, ambao matumbo yao hayafyonzi zinki vizuri. Ya pili huwapata watoto wanaokua haraka huku wakilishwa nafaka nyingi, au wakiongezewa kalsiamu kupita kiasi, kwa sababu faiteti, kemikali iliyomo katika pumba za nafaka na kalsiamu iliyozidi huizuia zinki isifyonzwe. Mtoto wa mbwa anayekula dona na pumba asubuhi na jioni bila nyama wala dagaa yuko katika hatari hiyo. Magamba hutokea kuzunguka macho na mdomo na pia nyayoni, na hali hubadilika ndani ya wiki chache chakula kikirekebishwa na zinki ikitolewa kwa kipimo cha daktari. Zinki ikizidi ni sumu, kwa hiyo isitolewe kwa kukisia. Kwa mbwa wa HFH, zinki haisaidii chochote.

Umri pia hutenganisha mambo. Mbwa wa makamo anayeanza ghafla kuwa na vipele vya usaha na magamba usoni, masikioni na nyayoni anaweza kuwa na pemfigasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi, na matibabu yake ni dawa za kutuliza kinga, si kusugua nyayo. Mbwa mzee anayekonda, mwenye nyayo zenye magamba na vidonda vinavyouma, achunguzwe ini haraka. Mzee mwingine ambaye pua na kingo za nyayo zimeota nyuzi kavu tu, asiye na maumivu, huenda ni uzee wa ngozi na si zaidi. Greyhound mwenye kinundu kimoja kigumu katikati ya unyayo ana sugu ya mahali pamoja, ambayo ni jambo tofauti kabisa na unyayo mzima kunenepa.

Upande wa pili wa umri yupo Bull Terrier. Watoto wa ukoo huo wanaweza kurithi ugonjwa unaotokana na jeni MKLN1, uliotambuliwa mwaka 2018, ambao pia hunenepesha nyayo na kuzifanya zitanuke. Watoto hao hudumaa, hushindwa kula vizuri, huambukizwa ngozi mara kwa mara, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Yeyote anayemlinganisha mtoto huyo na mwenye HFH kwa sababu nyayo zimefanana atajipa matumaini ya bure, maana mwenye HFH anaweza kuishi umri wake wote akitunzwa. Pale ambapo picha haieleweki, daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi ya unyayo na kukipeleka maabara, na kipande hicho hutenganisha mengi ya magonjwa haya.

Kumtunza aliye na nakala mbili: njia tatu

Hakuna dawa inayorekebisha jeni hiyo. Anayemchukua mbwa mwenye HFH, kwa kujua au kwa kutojua, anachagua kazi ya kila wiki kwa miaka yote ya mbwa huyo. Nalisema hili wazi kwa sababu wauzaji wengine humpunguzia bei mtoto wa namna hiyo, na punguzo hilo hulipwa baadaye kwa muda na kwa safari za hospitali. Mtu anayerudi nyumbani saa tatu usiku kila siku asimchukue. Mwenye subira, sakafu au uwanja laini, na mkono usiotetemeka anaweza kumpa mbwa huyo maisha mazuri.

Njia ya kwanza ni maji, tupa na mafuta. Miguu hulowekwa katika maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi, tabaka lililolainika hupunguzwa kwa tupa au kwa jiwe la kusugulia magaga, kisha unyayo hupakwa mafuta ya mgando ili unyevu usitoroke. Ni njia nafuu na haina kemikali ya kuhofia mbwa akijilamba. Udhaifu wake ni mikono ya mwenye mbwa: anayetaka kumaliza yote siku moja hufika kwenye ngozi hai, damu hutoka, na kuanzia siku hiyo mbwa hujificha aonapo beseni. Kupunguza kidogo kila wiki kunashinda kupunguza sana kila mwezi. Vijiti vya pembeni vinaweza kukatwa kwa mkasi wenye ncha butu, ila mara ya kwanza mwoneshe daktari, akufundishe pa kuishia. Mafuta ya mgando juu ya tabaka nene ambalo halijapunguzwa hufanya unyayo ung'ae tu, na juu ya sakafu ya vigae humfanya mbwa ateleze.

Njia ya pili ni krimu zenye yurea au asidi ya salisiliki, ambazo huachanisha seli za keratini zilizoshikana. Zinapunguza kazi ya tupa na zinamfaa mbwa asiyevumilia kusuguliwa. Kati ya hizo mbili, yurea ni pole zaidi na huleta unyevu. Salisiliki ina nguvu zaidi, lakini inachoma vibaya ikiingia kwenye ufa, na kwa kuwa ni jamaa wa aspirini haifai kulambwa. Mbwa avishwe soksi au kola ya kumzuia mpaka dawa inywewe na ngozi. Plasta za sugu zinazouzwa kwa ajili ya watu ni za salisiliki kali, na hazina nafasi kwenye mguu wa mbwa.

Njia ya tatu ni kuloweka au kufunga nyayo kwa propilini glaikoli, kimiminika cha kulainisha ngozi, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kwa siku kadhaa mfululizo, halafu kupunguza tabaka lililolegea. Kwa nyayo zilizokakamaa sana ndiyo yenye matokeo ya haraka, na hutumika vizuri kama mwanzo, kabla ya kuhamia kwenye tupa na mafuta. Inahitaji maelekezo ya daktari kuhusu kiasi na siku. Nyumba yenye paka ifikirie mara mbili, kwa kuwa propilini glaikoli huharibu chembe nyekundu za damu za paka, na paka anayemlamba rafiki yake mbwa hajui habari hizo.

Kama ningelazimika kuchagua moja kwa mtu wa kawaida, ningechagua ya kwanza, na kuiongezea yurea pale tupa inapozidiwa. Njia yoyote itakayochaguliwa, ufa uliokwisha kufunguka haupakwi asidi wala hausuguliwi. Husafishwa, hukaushwa na kuachwa ufunge. Harufu mbaya, uvimbe, joto, au mbwa kulamba mguu mmoja bila kuacha ni ishara za maambukizi, na hapo kazi ni ya daktari na pengine ya antibiotiki.

Kucha nazo zitazamwe kila unapoloweka miguu, kwa kuwa mbwa anayekwepa kukanyaga hazisagi kucha zake ardhini, nazo zikirefuka humlazimisha kukanyaga vibaya zaidi. Matembezi yawe kwenye majani au mchanga, na lami ya mchana iepukwe. Soksi za mbwa husaidia kwenye kokoto, lakini zivuliwe arudipo na miguu ikaushwe hadi katikati ya vidole, maana unyevu uliofungiwa ndani ya soksi usiku kucha hulainisha nyufa na kuwakaribisha fangasi.